Torcuil Anywe Kwanza

Juzi tumemzika Torcuil, bwana wa kisiwa chetu cha Sulasa, na mshairi wake akasimama kando ya kaburi akasema marehemu alikuwa mkono wazi. Mkono wazi! Kefule! Nilitamani nimrushie fimbo yangu, ila padri alikuwa amesimama katikati yetu. Mkono wake ulikuwa wazi kweli, maana mkono uliofumba hauwezi kuchota nyama kwenye sahani ya mwenzio. Siku mbili sasa maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo nayatema. Mimi ni Derbail binti Ferchar. Nina haki ya kumsema Torcuil kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa sababu mimi na yeye tulinyonya ziwa moja.

Sulasa unaizunguka kwa miguu kabla ya mchana, kama huna goti bovu. Tuna mnara wa mawe tunaouita ngome, kanisa dogo, nyumba thelathini na kitu, majabali ya ndege, na matope. Mabwana wa visiwa vikubwa wana majeshi. Wetu alikuwa na watu kumi na wanane, nusu yao binamu zake, pamoja na mbwa wasiohesabika. Lakini jogoo akiwa peke yake juu ya jaa, nani wa kumwambia kuwa lile ni jaa?

Kwetu mwana wa bwana halelewi na mama yake. Akitimiza miezi sita hufungwa kwenye blanketi na kupelekwa nyumba ya mtu wa chini, akakue na ndugu wa kunyonya watakaosimama naye siku ya vita. Tunasema damu hufika vizazi ishirini, maziwa hufika mia. Ni heshima kubwa, watu huigombania hadi kutoana macho. Mwaka ule heshima ikaangukia kwetu, kwa sababu mama yangu, Marsali, alikuwa amenizaa mimi majuma machache nyuma na maziwa yalikuwa yanamwagika. Mtoto akaja na ng'ombe watatu wa baba yake. Baba yangu akatoa watatu wa kwetu juu ya hao, kama desturi inavyotaka, na ndama wote watakaozaliwa wakawa wa yule mtoto, aondoke nao akishakuwa kijana.

Alikuja mgonjwa. Mama alisema alikuwa ngozi na mifupa, tumbo mbele, na sauti kama ya paka aliyefungiwa stoo. Majira yote ya baridi Mama alimpakata kifuani ndani ya nguo ili asipoe. Ziwa la kulia lilikuwa lake. La kushoto lilikuwa langu, yeye akishalionja. Ndiyo maana, walikuwa wakinitania, Torcuil akawa mrefu na mimi nikabaki kisiki.

Tulipoacha kunyonya likaja bakuli. Bakuli letu la maziwa lilikuwa moja, la mti, na lilikuwa na mpangilio wake: kwanza Torcuil, halafu kaka yangu Ivar, halafu mimi. Na ng'ombe wa kwetu hawaachii maziwa bure bure, lazima waimbiwe. Kila nyumba ina wimbo wake, na ng'ombe aliyezoea wimbo huu ukimwimbia ule atakupiga teke. Wa kwetu Mama aliutunga mwenyewe:

*Achia, mama, achia,*
*Torcuil anywe kwanza.*
*Achia, mama, achia,*
*wengine watasubiri.*

Mimi nilikuwa nasimama pale zizini, kamasi zimeganda, nauliza, "Mama, na mimi je?"

"Subiri, mwanangu. Huyu ni mtoto wa watu."

Basi nasubiri. Bakuli likinifikia, najua kwa uzito wake hata kabla sijatazama. Nikilamba kitako cha lile bakuli ulimi wangu ulikuwa unagusa mti.

Nisiseme uongo, mtoto hakuwa mbaya. Kondoo wetu alipokufa alilia siku nzima. Mguu wangu ulipochanika kule tunakokata mboji, ule udongo mweusi tunaoukausha kuwashia moto, alinibeba mgongoni hadi nyumbani, na kunibeba mimi hata wakati ule haikuwa kazi ndogo. Nilimpenda kama ninavyompenda Ivar. Ila hakuwahi hata siku moja kutazama ndani ya bakuli kabla ya kulipokeza. Mchoyo hukutazama, akaona una njaa, akakunyima. Torcuil alikuwa hatazami kabisa.

Alipofika miaka kumi na minne walikuja kumchukua, pamoja na ng'ombe. Walitoka kumi na mmoja. Tulibaki na mtamba mmoja na zizi limejaa mwangwi. Mama aliwakimbilia hadi kwenye kivuko na mkate wa shayiri uliopakwa siagi, siagi ya mwisho, akampa pale juu ya farasi wake mdogo. Torcuil aligeuka akatupungia mkono akitabasamu, mdomo umejaa.

Baba yake alipokufa, Torcuil akatawazwa. Tuna jabali juu ya kilima lenye alama ya unyayo wa mtu; bwana mpya huvaa nguo nyeupe, huvua kiatu, hukanyaga ndani ya ule unyayo mbele ya watu wote na kuapa kwamba atapita walipopita baba zake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili tu, lakini miaka minane ya ngomeni ilikuwa imemnenepesha hasa. Akaweka mguu. Haukuingia. Akasukuma. Kisigino kikabaki nje kama mkate uliofura ukatoka kwenye chungu. Watu wakatazama mawingu.

"Jabali limesinyaa," baba yangu akaninong'oneza.

"Baba!"

"Nasema tu. Mvua hizi."

Juma lile lile tukasikia patasi kule juu. Alimtuma fundi mawe aupanue ule unyayo. Mabwana wanane walitia miguu yao mle bila kulalamika, yeye akaona kosa ni la jiwe. Siku ile ndipo nilipohisi kinyaa cha kwanza, kidogo tu, kama unaponusa nyama usijue bado kama imeoza.

Kikakua, kwa sababu kilikuwa kinalishwa kila mwaka. Desturi yetu nyingine ni kwamba bwana huja kulala nyumbani kwako na watu wake, usiku mbili kila majira ya baridi, ule na yeye ulichonacho. Baba yake alikuwa anakuja na watu sita, analeta pombe, anaondoka asubuhi ya pili na shukrani. Torcuil alikuja na wote kumi na wanane na mbwa, akakaa siku tano. Na jinsi alivyokula! Jamani, mimi nimefuga nguruwe, na nguruwe hunyanyua kichwa apumue. Yeye alikuwa anapumua kwa pua huku mdomo unafanya kazi, mafuta yanachuruzika kwenye ndevu yakigandamana, anajifuta kwa manyoya ya mbwa, kisha anamlisha yule mbwa kwa vidole vile vile, kisha anatia mkono kwenye chungu chetu sote. Akishiba alikuwa anatoka nje kutapika ukutani, anarudi, anasema, "Mama, imebaki ile ya mbavu?" Nami ndiye niliyekuwa nasafisha ule ukuta.

Mama alikuwa anamkatia ile ya mbavu.

"Ale tu," ananiambia. "Huko ngomeni hawajui kupika."

"Mama, tutakula nini mwezi ujao?"

"Mungu yupo."

Mungu alikuwapo, sawa, ila hakuja kulala kwetu na watu kumi na wanane.

Mambo yakaenda hivyo miaka. Nikaolewa, nikafiwa na mume, nikarudi nyumbani bila mtoto. Kaka yangu Ivar akaoa. Kisha mwaka mmoja, mwaka wa balaa, Ivar akateleza kwenye majabali akitega ndege, kamba ikakatika. Mke wake akajifungua mwisho wa majira ya baridi yaliyofuata, akafa siku ya tatu. Akatuachia mtoto wa kike, tukambatiza Afraig. Nyumba ikawa ya wazee wawili, mjane mmoja, na kitoto kisicho na ziwa la kunyonya. Upande wetu wa kisiwa hapakuwa na mwanamke anayenyonyesha. Kondoo walikuwa hawajazaa. Ng'ombe wa majirani walikuwa wamekauka na mbavu zinahesabika. Tulikuwa na Ciarag peke yake, mjukuu wa yule mtamba tuliyeachiwa, aliyezaa nje ya msimu kama kwamba alijua. Ndama wake alikufa kwa baridi, maziwa yakabaki kwa Afraig. Mama alikuwa anakaa zizini na kile kitoto mgongoni akiimba ule wimbo wa zamani, jina tu ndilo alilobadili: Afraig anywe kwanza.

Na Ciarag alikuwa mweusi. Mweusi ti, hana unywele mweupe kwato hadi pembe. Hapo ndipo tulipoponzwa.

Maana tumbo la bwana wetu lilikuwa limechoka kubeba mzigo. Lilimvimba, likawa linanguruma hata kanisani, na hewa aliyoiachia wakati wa sala ilimfanya padri apotee mahali alipokuwa anasoma. Mganga wa ngomeni akamwambia aache nyama na pombe. Akamtukana. Mganga, mtu mwenye watoto wa kulisha, akafikiri tena, akasema basi kuna dawa nyingine: maziwa ya ng'ombe mweusi asiye na doa, ya moto kutoka kiweleni, asubuhi na jioni. Siku mbili Colban, msimamizi wa bwana, alizunguka kisiwa kizima akiinua mikia ya ng'ombe wa watu akitafuta unywele mweupe. Kwetu alitazama, akatazama tena, akatabasamu.

"Mzee Ferchar, bwana anamwomba huyu."

"Anaomba au anachukua?" Baba alikuwa kitandani, kifua kinamkoroma.

"Anaomba."

"Basi mwambie baba yake mlezi amekataa. Mwambie kuna mtoto. Akitaka maziwa ya ng'ombe mweusi aje hapa, Mama yake atampa kikombe kimoja, mtoto akishashiba."

Colban akaenda, hakurudi. Mtu hamnyang'anyi baba yake mlezi akiwa hai. Hata Torcuil alilijua hilo. Nikafurahi. Mjinga mimi. Sikukumbuka kwamba Baba alikuwa na kifua kile, wala sikukumbuka mnyama wa msiba.

Mnyama wa msiba ni huyu: mwenye nyumba akifa, bwana wa kisiwa huchukua mnyama mmoja, yule aliye bora. Ni haki yake. Mjane ndiye anayeulizwa, mbele ya watu, na mjane ndiye anayenyoosha mkono kumwonyesha. Asipoonyesha, nyumba na shamba vinarudi kwa bwana. Lakini haijasikika bwana akadai mnyama kwenye nyumba iliyomlea. Hapo mjane huulizwa kwa ajili ya desturi tu, na kabla hajainua mkono bwana husema, "Nimesamehe," watu wakaitikia, wakanywa. Kila mtu anajua hivyo. Baba alipokata roho, Mama alinifuta machozi akaniambia, "Usiogope ya Ciarag. Mwanangu atasamehe."

"Una hakika?"

"Nilimbeba kifuani, Derbail. Nilimtemea maziwa mdomoni alipokuwa hawezi kunyonya. Nina hakika."

Torcuil akaja siku ya pili. Kabla hajashuka kwenye farasi alikuwa ameshaanza kulia, na yalikuwa machozi ya kweli, hilo ndilo lililonitia kichefuchefu zaidi ya yote. Alimwangukia Baba kifuani, "Baba yangu! Baba yangu!", ubao aliolazwa marehemu ukapiga kelele kwa uzito. Kisha akakaa kichwani pa maiti, akaletewa paja la kondoo wetu tuliyemchinja kwa ajili ya waombolezaji, akala huku analia. Machozi yanashuka, mafuta yanapanda, vinakutana kwenye ndevu. Kipande kikamdondoka kwenye sanda. Akakiokota akakila.

Nikatoka nje. Nilitapika hadi nikaona nyongo.

Niliporudi Colban alikuwa amesimama mlangoni, watu wa kisiwa wamejaa ua mzima, na Ciarag amefungwa kwenye mti wa zizi. Mama ametolewa nje, amesimama na Afraig mgongoni. Torcuil amekalishwa kwenye kiti chetu cha pekee.

"Marsali, mjane wa Ferchar," Colban akasema kwa sauti ya desturi, "katika nyumba hii mnyama bora ni yupi?"

Tukanyamaza sote kumsikia bwana akisema lile neno lake. Mama akamtazama, na uso wake ulikuwa na tabasamu kabisa, tabasamu la kumrahisishia. Afraig akapiga chafya. Torcuil akatazama viatu vyake. Akacheua.

"Bwana?" Colban akasema chini chini.

"Si umeuliza?" Torcuil akajibu. "Basi ajibu. Mama, desturi ni desturi. Mimi ningefanyaje? Tumbo langu hulijui."

"Torcuil, huyu mtoto atakunywa nini?"

"Nitawaletea mwingine kiangazi kikifika. Wawili! Nitaleta wawili."

"Kiangazi," Mama akasema. "Huyu ana siku ishirini na sita duniani, mwanangu. Unaongea naye habari za kiangazi?"

Colban akakohoa, akauliza tena, mnyama bora ni yupi. Mama akainua mkono. Nikafikiri anauelekeza zizini. Ukapita zizi, ukasimama kwenye kiti.

"Huyo hapo," akasema. "Hatukuwahi kumlisha mnyama mwingine kama huyo katika nyumba hii. Alikula ng'ombe sita na ndama zao, alikula siagi yangu, alikula ziwa la binti yangu. Mchukueni. Mfungeni kamba."

Nyuma huko mtu mmoja akaguna kwa pua, kicheko kilichomponyoka, na kikaenea hata kwa wale watu wake kumi na wanane. Nilimwona mmoja akiuma mkono wa joho lake. Torcuil akawa mwekundu kama nyama mbichi.

"Mfungueni huyo ng'ombe," akasema.

Hakuna aliyesogea. Colban alikuwa amegundua kitu cha maana sana kwenye ukucha wake. Wale binamu, watu walioiba kondoo na mahari za watu bila aibu, walitazama chini kila mmoja.

"Nimesema mfungueni!"

"Bwana," Colban akasema, "maziwa ni maziwa. Mimi siwezi kuishika kamba hiyo."

Basi akaifungua mwenyewe. Bwana wa Sulasa, na joho lake la sherehe, akaenda zizini akihema, akahangaika na fundo, Ciarag akamwachia kinyesi cha moto juu ya kiatu, akamvuta kwa kamba mbele ya watu wake wote hadi ngomeni, matope yanamfika magotini. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemfuata karibu. Nikadhani aibu ile itamgeuza njiani. Nilisimama kilimani nikimtazama hadi alipoingia getini, na hakugeuka.

Fadhila ya punda ni mashuzi, walisema majirani, wakarudi makwao. Wao walikuwa wameshiba maneno. Sisi tulikuwa na mtoto.

Tulimpa maji ya shayiri kwenye kitambaa. Alinyonya, akatapika. Siku ya pili alilia mchana kutwa. Siku ya tatu akapunguza kulia, na mwenye kujua watoto anajua hiyo ni habari mbaya kuliko kilio. Nilipita nyumba baada ya nyumba na kikombe, nikirudi na matone ya kulowesha kidole.

Siku hiyo ya tatu Colban akaja, hakutaka kukaa.

"Ng'ombe haachii," akasema. "Wameshajaribu wanawake wanne. Amempiga mmoja teke, jino limetoka. Kiwele kimevimba. Bwana anasema Mama aje aimbe."

Mama hakunyanyua kichwa, alikuwa anamlowesha Afraig midomo. "Mwambie wimbo anaujua."

"Mama Marsali, yule ni bwana. Hawezi kukaa chini ya ng'ombe na kuimba."

"Wimbo anaujua," Mama akarudia. "Mimi siendi. Ng'o."

Akaenda zake. Nikamwambia Mama, kwa nini hukusema utakwenda kwa sharti mtoto apate nusu? Akasema heri afe kuliko amwimbie tena. Nikamuuliza afe nani. Hapo akanitazama, akageukia ukuta.

Asubuhi ya nne nikaamua mwenyewe. Nilichukua lile bakuli la mti, nikalificha ndani ya shuka, nikaenda ngomeni. Nilijipanga njiani: nitaimba mimi, wimbo naujua, nitampigia magoti, nitamwita bwana, nitamwita kaka, nitamwita lolote analotaka, mradi nirudi na nusu bakuli. Mlinzi alinijua akanipisha bila swali. Nikazunguka nyuma kwenye zizi.

Nikasikia sauti kabla sijafika mlangoni. Sauti nene ya mwanamume, mbaya, inakosea pale pale ilipokuwa ikikosea utotoni.

*Achia, mama, achia,*
*Torcuil anywe kwanza.*

Alikuwa peke yake. Amepiga magoti kwenye kinyesi, shavu amelilaza kwenye ubavu wa Ciarag, macho amefumba, na vile vidole vinene vilikuwa vinakamua taratibu, kwa ustadi kabisa, jinsi Mama alivyotufundisha. Na Ciarag alikuwa anaachia. Ng'ombe hajui majina ya watu. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo, chwaa, chwaa, na mvuke unapanda.

*Achia, mama, achia,*
*wengine watasubiri.*

Akainyanyua ndoo akanywa. Alikunywa kwa mkupuo, koo linapanda na kushuka, maziwa yanamiminika pembeni mwa mdomo, yanaingia kwenye ndevu, yanashuka kifuani, yanadondoka chini kwenye mavi. Yale yaliyodondoka tu yangemtosha Afraig. Nilisimama pale nimeshika mwimo wa mlango, na mwili wangu wote ulikuwa unamkataa, nywele hadi kucha. Akashusha ndoo, akapumua, akaniona.

Nilidhani ataona aibu. Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la juu ya farasi.

"Derbail!" akasema. "Mbona umesimama huko? Njoo, dada. Ya kitakoni ni yako, kama zamani."

Akaninyooshea ile ndoo. Hakutazama ndani.

Naapa mbele ya Mungu, hakukuwa na uovu kwenye uso ule. Alikuwa ananifanyia wema. Miaka arobaini aliishi akidhani nilikuwa nasubiri kwa sababu napenda kusubiri. Nami, ambaye nilikuwa nimebeba matusi yote tangu siku ya msiba, sikupata hata moja. Nilifungua shuka nikatoa bakuli. Nikamimina. Yalikuwa yamebaki vidole vitatu hivi, yanaelea mate, na nywele mbili za ndevu.

"Asante, bwana," nikasema. Ulimi wangu huu huu ndio uliosema.

"Njoo na kesho," akasema.

Nikarudi nalo nimelikumbatia, kilima juu, kilima chini, lisimwagike tone. Mama alikuwa palepale nilipomwacha. Aliliona bakuli akajua, hakuuliza nimelitoa wapi. Akazitoa zile nywele kwa ncha ya kidole, akazifuta kwenye sketi yake, akalowesha kitambaa, akamtia Afraig mdomoni. Mtoto akabaki kimya kidogo. Kisha akaanza kunyonya, akanyonya kwa kelele, na vidole vyake vikashika kile kitambaa. Nilikaa chini sakafuni nikamtazama.

Mama akaendelea kumlisha, ameinamisha kichwa, nisimwone uso.

"Na yeye?" akauliza. "Alishiba?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mama yangu mzazi, mfiwa wa siku sita, nilitaka kumpokonya lile bakuli nimpige nalo.

"Alishiba, Mama," nikamjibu.

"Haya. Vizuri."

Nilikwenda ngomeni kila asubuhi hadi majani mapya yalipoota na kondoo wakazaa. Kila asubuhi niliukuta ule wimbo, nikasimama mlangoni nikasubiri. Na kila niliporudi Mama aliniuliza vile vile, nami nikamjibu vile vile.